Kinga yangu ni nzuri, mbona HPV haijatoka?

*Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Tabata, mama wa watoto wawili. Mwezi uliopita nilijichukulia sampuli mwenyewe kwa kile kijiti, majibu yakatoka nina HPV, vile virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Nikapakwa siki, nesi akasema mlango wa kizazi uko safi, nirudi baada ya mwaka mmoja, mwili wenyewe utapambana. Sikupewa hata kidonge. VVU nimepima sina, picha nzima ya damu iko sawa, malaria sikumbuki lini mara ya mwisho. Sasa kama kinga yangu ni nzuri hivyo, mbona haijavitoa hivyo virusi? Huku kusubiri si ndiyo kuviacha vikue? Shosti wangu ananiambia ninywe mlonge na kitunguu saumu nipandishe kinga. Na je, mume wangu ndiye aliyeniletea? Nina binti wa miaka 11, naye apimwe?*

Marahaba, dada yangu. Maswali ni mengi ila naona yote yananing'inia kwenye lile la katikati: kinga ni nzuri, mbona virusi vipo? Nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine. Ukishajua kinachoendelea kwenye mlango wa kizazi, hayo ya mume, ya mlonge na ya kusubiri yatakuwa mepesi.

Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa daktari wa mafunzo katika hospitali moja hapa jijini, nilimwambia mama mwenye majibu kama yako kwamba "kinga yako imeshuka kidogo". Niliona nimemrahisishia maelezo. Yule mama alitoka pale akaenda kupima VVU katika vituo vitatu tofauti, na kote akaambiwa hana. Aliporudi kunieleza nilitamani ardhi inimeze. Kinga yake haikuwa imeshuka popote. Ilikuwa haijaambiwa kwamba kuna mgeni ndani.

Malaria huipimi kwa kubahatisha, mwili wenyewe unakutangazia. Vimelea vinaingia kwenye damu, vinapasua seli nyekundu, na wewe unatetemeka kitandani. Mafua nayo yanaharibu seli za pua na koo, unachuruzika, nyumba nzima inajua. HPV haifanyi lolote kati ya hayo. Haisambai kwenye damu. Haipasui seli. Haileti homa. Inaanza na kumaliza maisha yake ndani ya utando wa juu wa mlango wa kizazi, ambao unene wake haufiki milimita moja. Kwa hiyo ile picha nzima ya damu uliyopima, hata ingekuwa nzuri mara kumi, haina la kukuambia kuhusu HPV. Na hakuna kipimo cha damu cha kumwambia mwanamke kama ana HPV kwenye kizazi au hana. Ukiuziwa kimoja mahali, umeliwa.

Huo utando uchukulie kama ghorofa la Kariakoo. Chini kabisa kuna safu moja ya seli changa, ndizo zinazogawanyika. Kila zikigawanyika, nyingine zinasukumwa kupanda, ghorofa baada ya ghorofa, huku zikizidi kuwa bapa na kuchoka, mpaka zinafika juu na kupukutika zenyewe. Safari hiyo ni ya wiki mbili tatu. Sasa, mishipa ya damu haipandi ndani ya jengo hilo. Inaishia chini ya msingi, na askari wengi wa kinga usafiri wao ni damu.

HPV haiwezi kuanzia juu. Inazitaka zile seli changa za chini, na inazifikia kupitia michubuko midogo sana, ya aina ambayo tendo la ndoa la kawaida linaacha bila mtu kuhisi chochote. Tena kuna eneo moja ambako seli bapa za nje zinakutana na seli ndefu za ndani ya mlango wa kizazi. Hapo utando ni mwembamba na umekuwa ukibadilika tangu ulipobalehe, na ndiko saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia. Kirusi kikishaingia hakina haraka. Kinakaa ndani ya seli ya chini kwa nakala chache, kimya. Seli ikipanda, nacho kinapanda. Ikifika ghorofa za juu, mbali na walinzi, ndipo kinajizalisha kwa maelfu na kujivika magamba yake ya protini, yale ambayo kinga ingeyatambua upesi kuliko kitu kingine. Kisha seli inapukutika, kama ambavyo ingepukutika hata bila kirusi, na virusi vinatoka nayo. Hakuna kilichopasuka, hakuna kelele. Ni mpangaji anayeingia usiku na kutoka alfajiri, kodi kalipa. Mwenye nyumba atamgongea mlango kwa lipi?

Si kwamba jengo halina walinzi wake wa ndani. Wapo, wanaitwa seli za Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans, aliyezieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin. Aliziona zina mikono mirefu kama pweza, akadhani ni seli za neva. Alikosea. Ile mikono ni ya kupekuapekua katikati ya seli nyingine: ikigusa kitu kigeni inakinyofoa kipande, kisha seli hiyo inang'oka pale ilipo na kushuka hadi kwenye tezi za limfu za nyonga, kukionyesha kwa seli T. Seli T ndizo kikosi chenyewe cha kazi. Zikionyeshwa kipande zinajifunza sura ya adui, zinaongezeka, na zinarudi kumtafuta.

HPV inauvuruga mlolongo huo karibu kila hatua, na inafanya hivyo kwa herufi 8,000 hivi za kijenetiki, wakati binadamu ana bilioni tatu. Seli iliyoambukizwa hupunguza ile gundi ambayo seli za Langerhans hushikilia ili zikae ndani ya utando. Hupunguza na kemikali zinazoziita. Ndiyo maana vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye maeneo yenye mabadiliko ya seli, yale yanayotangulia saratani, vikitazamwa kwa hadubini, mara nyingi seli hizo huonekana zimepungua. Halafu kila seli ya mwili ina king'ora chake, protini zinazoitwa interferoni, zinazotoka kuwaonya majirani kwamba kuna kirusi. Protini mbili za HPV, E6 na E7, hukishusha sauti king'ora hicho. Nyingine, E5, huzuia seli isitoe nje vipande vya kilichomo ndani yake, na vipande hivyo ndivyo ambavyo seli T zinazoua huvikagua kama kitambulisho zikipita.

Hizo E6 na E7 zikumbuke. Zinapokaa miaka mingi ndani ya seli, hufanya kazi nyingine mbaya zaidi: E6 inaivunja p53, protini inayoisimamisha seli yenye hitilafu, na E7 inaikamata Rb, breki ya kugawanyika. Kwa hiyo hila ya kujificha na chanzo cha saratani vinatoka mkono mmoja. Kirusi hakina nia ya kukupa saratani, haikisaidii kitu. Saratani inakuja kama ajali ya kukaa kwake muda mrefu bila kuonekana. Neno zito hapo ni muda mrefu.

Sasa habari njema. Pamoja na ujanja wote huo, kwa wanawake wengi siku moja kengele hupigwa. Katika kila maambukizi kumi ya HPV, takribani tisa hayaonekani tena kwenye kipimo ndani ya miaka miwili, bila dawa yoyote. Kinachoyaondoa ni hizo seli T. Zile za CD4 hutoa amri na zile za CD8 huua seli zilizobeba kirusi. Lakini lazima zifike. Watafiti walipolinganisha mabadiliko yaliyopona yenyewe na yale yaliyoganda, tofauti ilikuwa mahali zilipo hizo seli. Kwenye yale yanayopona, seli T zimepanda, zimo ndani ya utando wenyewe. Kwenye yale yanayodumu, mara nyingi zimejaa chini ya msingi, hazipandi, na katikati yao kuna seli T za kutuliza ghasia pamoja na kemikali za kupoza, ambazo kazi yake halali ni kuuzuia mwili usijishambulie. Mwanamke anaweza kuwa na kikosi kamili na bado kikosi kikabaki getini.

Ndiyo jibu la swali lako, dada yangu. Nguvu za kinga unazo. Kinachosubiriwa ni taarifa ifike na askari wapande ngazi, na hilo huchukua miezi, si siku. Hata kingamwili za kwenye damu, zile ambazo watu wengi ndizo huziita kinga, hapa huchelewa na huwa hafifu. Wapo wanawake wengi, pengine theluthi au hata nusu, ambao miili yao haitengenezi kingamwili zinazopimika kabisa baada ya kuambukizwa, na bado wanapona, kwa sababu kazi ilifanywa na seli T palepale.

Jambo moja niliseme wazi kwa sababu huvunja watu moyo baadaye. Tukisema virusi vimetoka, maana yake kipimo hakivioni. Kwa wengine vimeondoka kweli. Kwa wengine vimebaki vichache, vimelala kwenye seli za chini, chini ya ulinzi wa seli T ambazo hubaki zinaishi palepale kwenye utando. Ulinzi ukilegea miaka ya mbele, kwa mfano kwa VVU visivyotibiwa au dawa za mtu aliyepandikizwa figo, vinaweza kuonekana tena. Shikilia hilo, tutalihitaji tukifika kwa mume wako.

Kidonge hukupewa kwa sababu hakipo. Hakuna dawa ya kuua HPV, wala ya kumeza, wala ya sindano, wala ya kuweka ukeni, na wanaouza hizo mitandaoni wanajua hivyo. Tunachotibu ni seli zilizobadilika. Nesi alipokupaka siki, alikuwa anatafuta hizo. Ile siki ni asidi ya asilimia 3 hadi 5. Ukipaka, unahesabu dakika moja nzima, na wengi tunaharakisha hapo, kliniki ikiwa na foleni. Mlango wa kizazi wenye afya unabaki na rangi yake ya waridi, unang'aa kwa unyevu. Penye seli zilizobadilika hutokea doa jeupe lenye kingo, limegota palepale kwenye mpaka wa seli za nje na za ndani, kama tone la rangi ya ukutani lililodondokea sakafuni. Ukishaliona mara mbili tatu hulisahau. Wako ulibaki wa waridi. Ungeonekana mweupe, ungetibiwa, mara nyingi siku hiyohiyo: ama kwa ncha ya joto la nyuzi 100 hivi kwa sekunde 20 hadi 40, ama kwa kugandishwa kwa dakika tatu, kuachwa tano, na kugandishwa tena tatu. Eneo hilo likishaondolewa, mara nyingi virusi navyo huondoka, maana nyumba yao imebomolewa.

Kwa hiyo hukuachwa. Umechujwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mwanamke asiye na VVU aliyekutwa na HPV lakini uchunguzi wa pili ukawa safi, arudie kipimo cha HPV baada ya miezi 24. Wewe umepewa mwaka mmoja, kwa maana hiyo umepewa tarehe ya karibu zaidi. Mwenye VVU hupewa miezi 12. Kwa mwanamke ambaye kinga yake haijadhoofishwa, safari kutoka maambukizi hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa aliyedhoofishwa, hasa mwenye VVU asiyetibiwa, inaweza kuwa miaka mitano hadi kumi. Kwa makadirio hayo, mwaka mmoja wa kuwapa askari nafasi ya kupanda ngazi ni muda wa kawaida kabisa.

Ila kusubiri kunakokubalika ni kule kwenye tarehe. Hapo ndipo sisi wa Dar tunapokosea. Mama anaambiwa arudi baada ya mwaka, anahama kutoka Tabata kwenda Kigamboni, namba ya simu inabadilika, mtoto anaanza shule, na miaka sita inapita. Tanzania ina wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 10,000 kwa mwaka kwa makadirio ya 2020, na wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale kwenye majengo ya Wajerumani kando ya bahari, wanafika wamechelewa. Jibu lako la mwezi uliopita lina uzito mdogo kuliko jibu la mwakani. Kipimo kimoja kinasema kirusi kipo. Viwili vikifuatana vinasema askari wamekwama getini, na hapo tunatazama kwa makini zaidi.

Kuna kitu kimoja naomba usisubiri mwaka kukifanya. Rudi kituoni ukaulize majibu yako yaliandikwa ni aina gani ya HPV. Aina zake zinazidi 200, zenye hatari kubwa ya saratani ni kama 14, na mbili tu kati ya hizo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Kama sampuli yako ilipimwa kwa GeneXpert, mashine ileile inayopima makohozi ya kifua kikuu, basi majibu huwa yanaitenga 16, yanaiweka 18 pamoja na 45, na nyingine kwa makundi. Ikiwa yako ni 16 au 18, au hilo fungu la 18 na 45, mimi ningekuombea rufaa ya kuangaliwa kwa darubini ya mlango wa kizazi sasa, hata kama siki ilikuwa safi. Ikiwa ni nyingine, subiri kwa amani.

Tuje kwa mlonge. Mboga nzuri, mimi mwenyewe naupika. Kitunguu saumu kadhalika. Lakini kama umenielewa mpaka hapa, unaona tatizo: hakuna jani linalojua njia ya kuzifikia seli za Langerhans kwenye mlango wa kizazi na kuziambia ziamke. Wala "kupandisha kinga" kwa ujumla hakuwasogezi askari waliokwama chini ya msingi. Kula vizuri kwa ajili ya mwili wako wote, usile kwa kutegemea majibu ya mwakani.

Yapo mambo yanayogusa pale mahali penyewe, na hayauzwi kwenye chupa. Ukeni kuna bakteria wema, jamii ya laktobasili, wanaotengeneza asidi ya laktiki, ileile inayochachusha mtindi. (Tafadhali usiende kuweka mtindi. Nimeshampokea mmoja.) Wakiwa wengi, mazingira yanakuwa ya uchachu na utando unatulia. Wakifukuzwa, wanaingia wengine, unaanza kutokwa na majimaji yenye shombo ya samaki, utando unakaa katika uvimbe mdogo wa kudumu, na tafiti nyingi zimeona kwamba kwa wanawake wa namna hiyo HPV hukaa muda mrefu zaidi. Nani anawafukuza? Sabuni ya ndani, maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, na hiki ambacho wagonjwa wangu hunitajia mwishoni wakiwa wameshashika mpini wa mlango: shabu ya kubania uke. Najua imo kwenye mabafu mengi ya mji huu, somo kakufundisha, shangazi kakuwekea kwenye begi la harusi. Shabu inakausha. Utando uliokauka unachubuka kwenye tendo, na michubuko ndiyo mlango ambao kirusi kinautafuta kufikia zile seli changa za chini. Maji safi kwa nje yanatosha. Kama una hiyo shombo, nenda utibiwe, dawa zake zipo na ni za bei ya kawaida.

Sigara ni jingine. Nikotini imepimwa ndani ya ute wa mlango wa kizazi wa wavutaji, na kwao seli za Langerhans zimekutwa zimepungua. Shisha nayo ni tumbaku, hata ikinukia tufaa.

Na kondomu. Haizuii HPV yote, maana kirusi kinagusana na ngozi isiyofunikwa. Lakini utafiti mmoja wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2003 uliwagawa wanawake wenye mabadiliko kwenye mlango wa kizazi katika makundi mawili, na wale ambao wenzi wao walitumia kondomu walipona mapema na virusi vikatoka zaidi. Inaelekea kuwa askari wakishaanza kazi, haisaidii kuwaletea mzigo mpya kila wiki.

Hapo tumeshafika kwa mume. Dada yangu, usianzishe kesi ambayo hakuna shahidi. Kipimo hiki hakina tarehe. Kirusi ulichonacho kinaweza kuwa cha mwezi uliopita, au cha kabla hujaolewa, kilikuwa kimelala na sasa kimeonekana. Kinaweza kuwa kilikuja naye kwenye ndoa bila yeye kujua, maana mwanamume mara nyingi haoni dalili yoyote, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima HPV. Watu wengi waliowahi kujamiiana wameshakutana na HPV angalau mara moja maishani. Nimeona ndoa ikivunjika Mbagala kwa karatasi ya majibu ya aina hii, na karatasi yenyewe ilikuwa haijamshtaki mtu. Kama mume hajatahiriwa, hilo linaweza kuzungumzwa kwa faida yenu wote: majaribio ya Rakai, Uganda, yalionyesha tohara inapunguza HPV kwa wanaume, na hata kwa wake zao.

Binti wa miaka 11 hapimwi. Anachanjwa. Na hapa kinga inafanya kitu ambacho maambukizi yenyewe hayawezi. Chanjo ni magamba matupu ya kirusi, bila jeni ndani, hayawezi kumwambukiza mtu. Ian Frazer na Jian Zhou waliyatengeneza Brisbane, Australia, mwaka 1991. Kwenye mlango wa kizazi kirusi huficha magamba yake juu paani. Kwenye msuli wa bega yanaonyeshwa hadharani, tezi za kwapa zinayaona, na kingamwili zinazotoka ni nyingi mara kadhaa kuliko za aliyeambukizwa. Zinazunguka kwenye damu, zinachuja kuingia kwenye ute wa mlango wa kizazi, na pale penye mchubuko majimaji ya damu huzimwaga hapohapo. Kirusi kikifika kwenye mchubuko kinalazimika kwanza kung'ang'ania utando wa msingi kwa saa kadhaa kabla ya kuingia kwenye seli. Kingamwili zinakikuta hapo.

Kikishaingia, chanjo haina cha kufanya. Jaribio kubwa la Costa Rica lilionyesha mwaka 2007 kwamba kuwachanja wanawake ambao tayari wana HPV hakuharakishi kuitoa. Kwa hiyo wewe kuchanjwa hakutabadilisha majibu yako. Kwa binti ni hadithi nyingine. Chanjo ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, shuleni na kwenye vituo vya afya. Wazazi huniuliza kama moja inatosha au serikali inabana matumizi. Sehemu ya ushahidi wa dozi moja imetoka Mwanza, kwa wasichana 930 waliofuatiliwa damu zao kwa miaka, na mwingine Kenya, ambako dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi ya kudumu ya aina 16 na 18 katika miezi 18 ya kwanza. Inatosha. Na haifungi kizazi.

Msomaji mwenye VVU aliyekaa kimya akisoma haya: kwako zile CD4 ndizo zinazotoa amri, na VVU vinazishambulia hizohizo, na ndiyo maana hatari yako ya saratani hii ni takribani mara sita ya mwenzako asiye na VVU. Dawa za kufubaza zinasaidia sana, lakini walinzi wa kwenye utando huchelewa kurudi hata namba kwenye kadi ya CTC, kliniki ya VVU, zikiwa nzuri. Anza kupimwa ukiwa na miaka 25, usisubiri 30, na usipitilize miaka mitano kati ya kipimo na kipimo.

Dada yangu wa Tabata, ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu usiokwisha kwa dawa, tarehe ya kadi haikuhusu tena, nenda kesho yake. Isipotokea hivyo, siku yako ikifika omba kipimo kilekile cha HPV, usikubali kupakwa siki peke yake ukaambiwa yameisha. Nenda na majibu ya safari hii. Yaweke ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto wako mdogo. Katika miaka yangu yote ya kazi sijamwona mama wa Dar aliyepoteza hiyo.